Sonona ya Askari Mstaafu, na Tiba Inayosafiri kwa Simu

Wasikilizaji, na hasa ninyi mlioko makambini na katika vituo vya polisi, mazungumzo yetu ya leo yanahusu ugonjwa usioonekana kwenye gwaride. Askari mwenye jeraha la risasi huonwa na kila mtu. Hupelekwa kwa daktari, wala hapana amwitaye mwoga. Lakini yule aliyerudi kwao, asiyelala usiku, asiyetaka kuonana na watu, ambaye chakula hakina ladha tena mdomoni mwake na hata watoto wake hawamfurahishi, huyo aghalabu huambiwa kuwa ni mvivu, au mlevi, au amerogwa. Ugonjwa huo kwa Kiswahili huitwa sonona.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Huzuni ni sehemu ya maisha ya binadamu: aliyefiwa hulia, na siku zikipita hurudia shughuli zake. Sonona humkalia mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ikamwondolea hamu ya kazi na ya watu, ikamvurugia usingizi na chakula, ikampunguzia nguvu na uwezo wa kufikiri, na mwishowe ikamwambia kwamba yeye hana thamani. Kwa askari hali hiyo mara nyingi huvaa nguo nyingine. Hatasema, "Nina huzuni." Atasema kwamba mgongo unamwuma, kichwa kinamwuma, ana mawazo mengi. Atagombana na mkewe kwa jambo dogo. Ataanza kunywa kwete asubuhi, na ikifika jioni amekwisha kuhamia kwenye waragi. Pamoja na sonona hutembea mara kwa mara maradhi ya kiwewe, ambayo humrudisha mtu vitani katika ndoto au kwa kushtushwa na mlio tu. Hayo ni maradhi mengine yenye tiba yake, ingawa mtu mmoja aweza kuwa nayo yote mawili.

Tunalizungumza jambo hili kwa kutazama Arua na Koboko, maana hazipo sehemu nyingi za Uganda ambako jeshi limepita katika nyumba nyingi kama West Nile. Tangu siku za Keya, wakati wa Mwingereza, vijana wa huko waliandikishwa kwa wingi. Idi Amin, ambaye ukoo wake ulitoka Koboko, alishika madaraka tarehe 25 Januari 1971, akaondolewa Aprili 1979. Majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni 1979, maelfu ya askari wa jeshi lililoshindwa walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Sudan na Zaire pamoja na jamaa zao. Oktoba 1980 baadhi yao walirudi na silaha, wakashambulia Koboko na Arua. Kisasi kilichofuata kiliwaangukia raia, na tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa humo humo. Lilikuwapo kundi la UNRF; katika miaka ya tisini likaja lile la West Nile Bank Front; kisha UNRF ya Pili, iliyotia sahihi mapatano ya amani na Serikali mwezi Desemba 2002. Juu ya hao wamo waliotumikia NRA na UPDF, na wale waliokwenda Somalia tangu Machi 2007. Kwa hiyo ukiketi chini ya mwembe mmoja wa Koboko waweza kukuta wazee watatu ambao zamani walikuwa katika majeshi matatu yaliyopigana. Ugonjwa tunaouzungumza haukuuliza nani alikuwa upande gani.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita miaka 65. Huu ndio umri ambao kazi hupungua, mwili huanza kudai, rafiki wa zamani hufa mmoja mmoja, na mambo ambayo mtu aliyafunika kwa shughuli za kila siku hupata nafasi ya kufunuka.

Serikali haikuwaacha watu hawa hivi hivi. Kati ya mwaka 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 wa NRA walipunguzwa jeshini na kusaidiwa na bodi maalumu ya wastaafu: walipewa nauli ya kuwafikisha kwao, fedha, mabati, zana na mbegu za kilimo, na msaada wa karo za watoto. Waliotoka msituni chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 walipewa cheti, shilingi 263,000, na vifaa vya nyumbani kama godoro, blanketi, masufuria na jembe. Vyote hivyo vilihitajiwa sana. Hata hivyo akili ya mtu aliyeishi miaka kumi akingoja kuuawa haikupata fungu kubwa katika mizigo hiyo. Tena tusijidanganye kwamba yote yamo kichwani. Mstaafu anayesubiri malipo yake mwaka hata mwaka, au ambaye shamba lake lina kesi, ana sababu ya kweli ya kukosa usingizi, na mshauri atakayempuuza katika hilo atapoteza imani yake siku ya kwanza.

Sasa, msaada uko wapi? Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Uganda pia ina matabibu waliosomea ugonjwa wa akili, ambao si madaktari kamili lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo mikoani. Kutoka Koboko hadi Arua ni kilomita 55 hivi, na barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba mpakani, ambayo urefu wake wote ni kilomita 92, sasa ina lami. Kwa hiyo barabara siyo kizuizi kikubwa kama ilivyokuwa. Vizuizi ni nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kazi inayopotea, na zaidi ya hivyo, lile benchi. Mtu aliyekuwa sajini, aliyeamuru watu 30 wakamtii, aketi kwenye benchi la kitengo cha akili akiangaliwa na mama jirani aliyemleta mtoto kupata chanjo! Kabla hajafika nyumbani habari zimemtangulia kwamba amepata kichaa. Wengi huona ni afadhali wabaki na ugonjwa wao.

Hapo ndipo simu inapoingia. Katika nchi nyingi sasa mgonjwa huzungumza na mshauri akiwa kwake, kwa sauti tu, au kwa sauti na picha kupitia mtandao wa intaneti. Mshauri na mgonjwa hupatana siku na saa, huzungumza kwa muda wa nusu saa au saa moja, na hurudia kila wiki. Swali ambalo kila mtu mwenye akili zake ataliuliza ni hili: Je, mtu aweza kupona kwa maneno, tena maneno ya mtu asiyeketi mbele yake?

Kuhusu maneno, jibu limepatikana hapa hapa Uganda. Katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, watu wenye sonona, vijiji vingine wanaume na vingine wanawake, waligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja walikutana kwa vikundi kila wiki kwa muda wa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo, wakazungumza juu ya msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yaliyowaangusha. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Kati ya waliopata tiba hiyo, waliobaki na sonona walikuwa 6.5 kwa mia. Kati ya wale ambao hawakuipata walikuwa 54.7 kwa mia. Hawakupewa kidonge hata kimoja katika tiba hiyo, na waliowaongoza hawakuwa madaktari.

Kuhusu umbali, jibu lilitafutwa Marekani, katika jimbo la South Carolina, miongoni mwa askari wastaafu 241 wenye sonona waliokuwa na umri wa miaka 58 au zaidi. Nusu yao walikutana na mshauri ana kwa ana. Nusu nyingine walipelekewa nyumbani chombo cha simu chenye picha. Wote walipata vikao vinane vya aina moja. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hata baada ya miezi 12 tiba ya mbali haikuwa duni kuliko ile ya chumba kimoja. Si wote waliopona, katika kundi hili wala katika lile, na mtu asidanganywe kwamba simu ni uganga. Kilichothibitika ni kwamba mzee wa vita, ambaye hakuzaliwa na vyombo hivi, aliweza kuvitumia na akasaidika kwa kiasi kile kile.

Na West Nile yenyewe imekwisha kuufunza ulimwengu. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba wakimbizi wa Sudan waliosaidiwa kusimulia maisha yao kwa utaratibu, katika vikao vinne tu, walipungukiwa sana na maradhi ya kiwewe. Baadaye, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Wale waliopewa tiba walikusanyika mara tano, saa mbili kila mara, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba juu ya namna ya kustahimili mawazo mazito. Wasimamizi wao walikuwa wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Dhiki yao ilipungua, na ingawa nafuu hiyo ilipungua kidogo kadiri siku zilivyopita, miezi mitatu baadaye ilikuwa bado ipo. Sisi tunaofanya kazi ya redio hatukuweza kuisoma habari hiyo bila kutikisa kichwa: sauti iliyorekodiwa, ikisikilizwa na watu waliokaa pamoja, ilitibu. Kweli hao walikuwa wanawake na wakimbizi, wala hawakuwa askari. Lakini masafa, lugha nyingi, umaskini na wingi wa watu kuliko wauguzi ni yale yale.

Tueleze basi namna kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi hudhani mshauri hupiga simu kumhubiria mtu. Njia iliyotumika South Carolina ni nyepesi kuieleza kwa askari. Sonona humwambia mgonjwa, "Ngoja mpaka upate hamu ndipo uinuke." Hamu haiji, naye haondoki kitandani, na kwa kuwa haondoki kitandani hapati lolote la kumpa hamu. Mshauri huanza upande wa pili. Humwuliza mstaafu wetu wa Koboko zamani alipenda kufanya nini. Alilima mihogo na ufuta, alitengeneza baiskeli, Ijumaa alikwenda msikitini mapema akae na wazee. Basi hupatana mambo mawili madogo kwa wiki hiyo: Jumanne asubuhi apalilie matuta matatu, Ijumaa aende msikitini hata kama hatasema na mtu. Ataandika, au ataweka akilini, hali yake ilikuwaje kabla na baada. Wiki inayofuata simu ikilia huulizwa habari za matuta yale. Ikiwa hakupalilia hagombezwi. Hutazamwa nini kilimzuia, na kazi hupunguzwa ipate kuwezekana. Askari anaielewa njia hii kuliko raia, kwa sababu maisha yake yote aliamka kwa tarumbeta, hamu ipo au haipo.

Wapo watakaohitaji dawa pia. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na mgonjwa asiziache ghafla kwa kuwa amejisikia vizuri. Hilo nalo mshauri wa simu aweza kulikumbusha, lakini kuandika dawa ni kazi ya mganga aliyemwona mgonjwa.

Tukiacha sifa, yapo mambo ambayo yakipuuzwa yataiharibu shughuli yote.

La kwanza ni siri. Nyumbani simu moja hutumiwa na watu watano, na nyumba yenyewe haina mlango wa kufunga. Mshauri mwema huanza kila mara kwa kuuliza: Uko wapi sasa, na nani yuko karibu? Hupatana na mgonjwa neno la siri, tuseme "mbegu". Akilitaja, mshauri ajue kwamba mtu amefika, na mazungumzo yageuke papo hapo kuwa ya kilimo. Kwa askari aliye bado kazini siri ni jambo zito zaidi, kwani huogopa kwamba aliyoyasema usiku yatakuwa mezani kwa afande asubuhi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 juu ya kulinda habari za watu binafsi inaziweka habari za afya katika daraja la kulindwa zaidi. Hata hivyo sheria haimtoi mtu wasiwasi mpaka aone imefuatwa, na katika maoni yetu mshauri wa namna hii asiwe mtu wa kikosini wala asipokee mshahara wake kupitia ofisi ya kikosi.

La pili ni gharama, na hapa tuna neno na wale wanaotengeneza programu za kupendeza kwa simu za bei kubwa. Mstaafu wa Koboko ana simu ndogo yenye tochi, ambayo huichaji dukani kwa kulipa. Intaneti si ya bure: Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 mahali pake pakachukuliwa na kodi ya 12 kwa mia juu ya bando za intaneti. Kwa hiyo tiba ya picha kwa intaneti ni njema kwa afisa mstaafu aliyeko mjini Arua au Kampala, lakini mtu wa kawaida aanziwe kwa simu ya sauti, na anayepiga awe mshauri ili mgonjwa asilipe kitu. Mwaka 2020, mikutano ilipozuiwa kwa sababu ya korona, shirika la StrongMinds, ambalo hutibu sonona kwa vikundi hapa Uganda, lilihamishia vikao vyake kwenye simu. Njia hiyo basi si ndoto.

La tatu ni lugha, nalo kwa maoni yetu ndilo lililosahauliwa kuliko yote. Programu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Watu wa Koboko na Arua huzungumza Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na lugha nyinginezo, lakini askari wa zamani, awe alitumikia jeshi gani, alipewa amri kwa Kiswahili. Mambo aliyoyaona vitani aliyaona kwa lugha hiyo, na kuna mambo ambayo mtu huona haya kuyasema kwa lugha ya mama yake ambayo kwa lugha ya kambini humtoka. Tangu mwaka 2005 Katiba imeitambua lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali ienezwe zaidi. Mshauri mmoja anayejua Kiswahili cha jeshi, aliyeketi Arua, aweza kumhudumia Mkakwa wa Oraba asubuhi na Mteso wa Soroti jioni. Lakini asimwulize mtu, "Je, una sonona?" Neno hilo wengi hawalijui. Amwulize kama usingizi unakuja, kama mawazo yamezidi, kama moyo umekuwa mzito, kama bado anaona faida ya kuishi.

Swali hilo la mwisho watu huliogopa. Hudhani kwamba kumwuliza mtu juu ya kujiua ni kumpandikizia wazo. Sivyo, aliye na wazo hilo mara nyingi hupata nafuu kwa kupata mtu wa kumweleza. Kwa sababu ya hatari hii mshauri wa simu lazima ajue tangu siku ya kwanza mgonjwa wake anakaa kijiji gani, na jina la ndugu au jirani anayeaminiwa ambaye ataweza kumfikia kwa miguu, kwani sauti haiwezi kumshika mtu mkono. Marekani, ambako mashirika ya kuwahudumia wastaafu ni mengi na yana fedha, wastaafu zaidi ya 6,000 hujiua kila mwaka, walio wengi kwa bunduki.

Hapa tunawageukia makamanda. Mtu aliyevunjika mkono hapangwi lindo mpaka apone, na hakuna anayemcheka. Ndivyo ifanywe kwa aliye katika sonona: silaha yake irudishwe ghalani kwa muda, kimya kimya, apewe kazi nyingine, na jina lake lisifutwe katika orodha ya kozi au ya safari za nje baada ya kupona. Ikiwa kila aombaye msaada atapoteza cheo, hakuna atakayeomba, na afande ataujua ugonjwa siku ambayo risasi imekwisha kutoka.

Kwenu polisi lipo jambo moja zaidi. Kanuni za adhabu tulizozirithi zimelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini tunayo pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua mahali pa ile ya 1964, ambayo imejengwa juu ya matibabu na haki za mgonjwa. Konstebo anayeitwa usiku kwenye nyumba ya mzee aliyenusurika ampeleke kwanza hospitali, kisha ndipo afungue daftari lake. Kumweka mahabusu peke yake ni kumwacha na mtu yule yule aliyetaka kumwua.

Na wake wa askari wasisahauliwe, maana wao ndio huona kwanza. Mwanamke ajuaye kwamba mumewe halali tangu mwezi uliopita ana habari ambayo daktari hana, na mara nyingi simu iliyo nyumbani ni yake. Mstaafu anayetaka kuanza aweza kufika katika hospitali ya Koboko, au katika kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Arua, akaulize kama ataweza kufuatiliwa kwa simu baada ya kuonwa mara ya kwanza. Aliye bado kazini aanze kwa mganga wa kikosi, na akiona haya kwenda peke yake, aende na mwenzake waliyelala naye handaki moja.